Joto Halibishi Hodi

Joto halibishi hodi, bisha wewe. Mmeisikia leo kwa nesi, wajukuu zangu, mkaniuliza imetoka wapi. Methali hii ni ya hapa hapa kwetu, kando ya mto Tana, na ilianza hivi.

Mwaka mmoja jua la Februari liliwaka hata kuku wakaacha kuchakura. Zahanati ikamkabidhi Habona, mhudumu wa afya wa kijiji, daftari jipya: aandike kila aliyeugua kwa joto, ili wakubwa wajue pa kupeleka msaada. Habona akaketi barazani pa zahanati, kalamu mkononi. Siku ya kwanza hakuja mtu. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu akaandika tena, "Hakuna mgonjwa," na moyo wake ukatulia.

Adhuhuri ya siku ya nne akakumbuka kwamba Mwalimu Hiribae hajaja kuchukua dawa zake za presha. Mzee huyo ndiye aliyemfundisha kusoma, na tangu afiwe na mkewe alikuwa akiishi peke yake katika nyumba ya mabati. Habona akaenda, akabisha hodi. Kimya. Akasukuma mlango, fukuto likampiga usoni. Mwalimu alikuwa kitandani, ngozi kavu, ya moto kama chungu kilichotoka mekoni. Alimwita Habona kwa jina la marehemu mkewe.

Habona akapiga ukelele. Majirani wakaja mbio, wakamtoa mzee nje hadi kivulini, wakamlowesha maji mwili mzima, wakampepea, kisha wakamkimbiza zahanati kwa mkokoteni. Njia nzima Habona alikuwa ubavuni pake akimwagia maji, huku machozi yakimtoka bila mwenyewe kujua.

Jioni, dripu ya pili ikikaribia kwisha, mzee alirudiwa na akili zake. Akaliomba lile daftari, akalisoma taratibu kama anayesahihisha mtihani.

"Umeandika 'Hakuna mgonjwa.' Ulitazama wapi?"

"Pale barazani, Mwalimu."

"Basi ungeandika 'Hakuna aliyekuja.'"

Habona akainamisha kichwa. "Na wewe, mbona hukuita mtu?"

"Niite kwa lipi? Nilidhani ni usingizi tu. Joto halibishi hodi, mwanangu."

Habona akaushika mkono wake. "Basi nitabisha mimi."

Kesho yake akaanza kupita mlango kwa mlango. Nyumba ya sita akakuta mtoto mchanga aliyeshindwa kunyonya kwa joto; mtoto akawahiwa kutibiwa. Daftari likajaa majina, na wakubwa walipoyaona wakaleta tangi la maji na nesi wa pili. Msimu ule hatukuzika mtu kwa joto. Kila adhuhuri Habona alianzia kwa Mwalimu, naye akisikia hodi tu hupaza sauti: "Nipo! Nenda kwa wengine!" Habona aliingia hata hivyo, akasimama mpaka mzee amalize kikombe chake cha maji.

Ndiyo maana jua likianza kukaza hatungoji mgonjwa aje. Tunainuka, tunaambiana: joto halibishi hodi, bisha wewe.