Mluzi wa Senkondo

Masikio yenu yako wapi? Yaleteni hapa. Na wewe Mbonea, acha kumfinya mwenzako, nitakutoa nje sasa hivi. Sitanii.

Enzi hizo, wanangu, msitu ulishuka mpaka milangoni na watu waliuamkia asubuhi kama mzee wao. Palikuwa na mwanamke akiitwa Nakijwa. Mumewe, Senkondo, alikwenda nyikani kutafuta chumvi. Masika ya kwanza hakurudi. Ya pili hakurudi. Ya tatu, hakurudi.

Ndugu wa mume wakasema, "Amekufa. Mjane anyolewe, tumalize matanga."

Nakijwa akawaka. "Nani kamwona akifa? Wewe? Au wewe? Wembe wenu kanyoleeni mbuzi!"

Sasa, watu wale hawakupanda mbegu mpaka wanawake waingie msituni mvua zikianza, watazame ndege waliorudi. Wakimwona kekeo mwenye kifua chekundu, kesho yake jembe. Na kila mmoja alibana jani midomoni, asiseme. Jani la mmoja likianguka, wote wanarudi, wanangoja siku saba. Ndivyo ilivyokuwa, msinibishie.

Wakaenda. Polepole, polepole. Nakijwa alimfuata wifi yake Nanzia, dada wa Senkondo, ambaye wembe wa matanga haukumtoka pindoni. Juu ya mti hondohondo dume alikuwa akimlisha jike aliyejifungia tunduni, tunda baada ya tunda, kwenye ufa mwembamba. Nakijwa akatazama mpaka macho yakamlowa.

Mara, fiii! Fiii! Fi-fi.

Wanangu, ule ulikuwa mluzi wa Senkondo. Ndio aliopiga akirudi, na mke akamjibu kwa mluzi mlangoni, akateleka maji.

Jani likaanguka. "Senkondo! Niko huku!" Akakimbia, miiba ikimchana, Nanzia nyuma yake. Akafika. Hakuna mtu. Juu ya tawi ndege mdogo, kurumbiza, akafungua mdomo: fiii, fiii, fi-fi.

"Mwizi wewe! Umeutoa wapi?"

"Wifi," Nanzia akasema, "kurumbiza huiga. Kaka alipita hapa kila siku. Mimi nilimsikia mwaka jana."

"Mwaka jana! Ukanyamaza?"

"Niliogopa kukuumiza."

"Mwaka mzima unanitembezea wembe, na hili hukuniambia? Ningekuja kukaa hapa kila siku, Nanzia! Kila siku!"

Ndege akapiga tena. Nakijwa akaketi juu ya majani mabichi, akasikiliza: mluzi ulikuja, nyayo hazikuja.

Wanawake wakafika wakifoka. Bibi Namkunda, kiongozi wao, akasema, "Umetunyima siku saba!"

"Nimewanyima. Nitawalimia siku hizo saba. Kumbe kilichobaki cha mume wangu ni hiki tu. Nanzia, toa wembe. Ninyoe hapahapa, huyu akiimba."

Nanzia akaufungua kwenye pindo la nguo, akaanza. Ndege akapiga mluzi. Midomo ya Nakijwa ikajikunja yenyewe, kama zamani mlangoni, akajibu. Nanzia akainua wembe, akangoja amalize.

Basi, ninyi, anayengoja mwambieni kweli mapema, hata ikimkata. Huruma ya kuficha humwibia siku zake.

Kisa nimekitua hapa. Aliyekipenda akibebe, asiyekipenda apite kando, asikikanyage.