Ng'ombe wa Waliotuliza Bei

Shomvi alikiinua kitumbua, akakigeuza upande huu na upande ule, akasema kwa sauti ya mtu aliyekula katika miji mingi: "Jamani, hiki ni kitumbua au kifungo cha koti? Nani kakipika, nimpe pole?"

"Mimi," ikajibu sauti nyuma yake.

Alikuwa Bi Siwatu, shangazi wa bwana arusi, mwiko mkononi. Waliokuwa wakichambua mchele wa karamu ya kesho wakaacha kuchambua. Katika nyumba ile, anayekitia ila chakula cha arusi hulipa faini ya hadithi, tena hadithi inayoishia kwa swali. Waliopo wakishindwa kulijibu, anarudi kwenye sahani. Wakilijibu, hali kitu mpaka kesho. Shomvi, aliyewahi kupotea njia katika bandari nyingi kuliko manahodha walizotia nanga, akajua kwamba hapa hakuna pa kupotelea.

"Unga umepanda," akasema Bi Siwatu. "Ulitaka nikupikie sinia? Haya, lipa."

"Nitalipa, shangazi. Na kwa kuwa umetaja kupanda, nikopesheni masikio. Nitayarudisha kama yalivyo."

Hapo kale, katika nchi ya Tandawala, bei zilishikwa na wazimu. Mkate ulikuwa na bei ya asubuhi na bei ya adhuhuri. Ukienda nyumbani kuongeza hela, ukirudi unakuta haukutambui tena. Sultani akawaita mabwana watatu wa Nyumba ya Hazina, watu wanene wa vyeo, wembamba wa haya.

Wa kwanza aliitwa Sikio. Huyu akilaza shavu kwenye udongo wa soko, alizisikia bei zikija kabla hazijafika, kama mtu asikiavyo mvua ya ng'ambo ya pili. Tumbo la mpishi wake likinguruma hakulisikia, lakini hilo halikuwa katika kazi yake.

Wa pili aliitwa Mkono. Huyu alishika gurudumu la riba. Akilikaza, mikopo huwa ghali na kila mtu hufumba mfuko wake. Akililegeza, fedha humwagika njiani. Hakuwahi kushika jembe, wala mchi, wala mtoto anayelia. Gurudumu, hata hivyo, alilishika vizuri.

Wa tatu aliitwa Ulimi. Huyu akitoka roshanini na kusema neno, watu huliamini kabla ya kulielewa. Na kulielewa hawakulielewa kamwe. "Hali ni himilivu," husema, na wachuuzi hutazamana kama waliosomewa talasimu.

Basi Sikio akalala sokoni, akainuka na vumbi shavuni. "Zinakuja, tena kubwa kuliko hizi." Mkono akakaza gurudumu, akapumzika akanywa chai, akakaza tena. Ulimi akatoka roshanini: "Tutakaza mpaka bei zitulie, hata mkilia!" Wachuuzi waliokuwa wakipandisha bei kwa kuiogopa kesho, wakaiogopa zaidi kesho ya Ulimi. Wakaacha kupandisha.

Sasa, mtaa wa chini alikaa Mwamtoro, mwoka mikate. Alikuwa amekopa Nyumba ya Hazina ili ajenge tanuri la pili, akamweka rehani ng'ombe wake wa maziwa, Shangwe, mwenye sikio lililochanika. Riba ilipokazwa, akamwachisha kazi mkandaji wa unga, kisha mchanja kuni, kisha akazima matanuri yote mawili. Mwishowe, deni lilipomshinda, askari wakaja wakamfungua Shangwe mtini.

Mwamtoro akamfuata Mkono hadi barazani kwake. "Bwana, mimi nimepandisha bei gani hata unikaze?"

"Mama, chombo chetu ni kimoja tu."

"Basi wewe ni tabibu mwenye sindano moja. Mtu akija na jino, unamvua suruali."

Mkono akacheka kwa adabu, akamwita mlinzi.

Bei zikatulia. Sultani akafurahi, akatangaza tuzo moja kwa aliyezituliza, haigawanyiki: ng'ombe wa maziwa kutoka zizi la Hazina.

"Nisingesikia mimi, mngekaza nini?" akasema Sikio.

"Nisingekaza mimi, ungesikia mpaka masikio yapasuke," akasema Mkono.

"Nisingesema mimi," akasema Ulimi, "nani angejua kwamba mmefanya kitu?"

Ng'ombe akaletwa. Mwamtoro, katikati ya umati, akaliona lile sikio lililochanika. Akapenya mpaka mbele.

"Sultani, nami nimo! Hawa walisikia, wakakaza, wakasema. Sisi tuliacha kula. Bei zimetulia kwa kuwa mkandaji wangu hana cha kununulia. Bila matumbo yetu matupu, sikio, mkono na ulimi vingetuliza nini?"

"Kukosa kazi si mchango, mama," akasema Ulimi, kwa upole wa kulipwa. "Ni marekebisho."

Sultani akakuna ndevu. "Lakini, Mwamtoro, wasingefanya hivyo, mkate wako nani angeununua? Si wewe uliyeuchanganya na muhogo bei zilipopanda, na bado ukakulalia kwenye kapu?"

Hilo lilikuwa kweli. Shangwe akamlamba Mwamtoro kiwiko. Sultani akawatazama wote wanne, akashindwa kuamua, akasema waulizwe watu.

"Nanyi ndio watu," akasema Shomvi, mkono wake umeshaanza safari ya kurudi kwenye sahani. "Aliyesikia, aliyekaza, aliyesema, au aliyeshinda na njaa? Je, wewe ungeamua vipi?"

"Sikio! Ndiye aliyeanza," akasema mmoja.

"Aanze wapi? Hata kuku wangu husikia mvua. Mkono!"

"Mwamtoro, maskini."

"Maskini nini? Rehani ni rehani!"

Ungo wa mchele ukapinduka. Shomvi akatabasamu, kwa mabishano haya angekula mpaka magharibi. Vidole vyake vikagusa kitumbua, na mwiko ukatua juu ya vidole.

"Aliweka rehani kwa riba waliyopatana," akasema Bi Siwatu. "Gurudumu wamelizungusha wao baadaye. Ng'ombe wa mtu hafanywi tuzo. Arudishiwe Mwamtoro ng'ombe wake, na wewe rudisha kitumbua changu."