Kiwiko cha Bi Betseba

"Kioo husema, kiwiko hujua." Mmeisikia sokoni mkacheka, kisha mkaja kuniuliza kiwiko kinajua nini. Haya, wekeni simu chini kidogo. Nyumba iliyozaa msemo huu niko nayo ukuta kwa ukuta, hapa hapa Njombe, na chanzo chake ni hiki.

Bi Betseba Mgaya alikuja kutoka Lupembe kumkanda binti yake aliyejifungua uzazi wa kwanza. Ilikuwa mwezi wa saba, na baridi yetu ya mwezi huo mnaijua, haina adabu. Alikuja na kanga zake, sufuria kubwa na hamu ya kumpakata mjukuu. Mkwewe, Nehemia, akamweleza kwa upole kwamba sufuria haitahitajika. Juu ya paa kuna tangi linalochemsha maji kwa jua, na ukutani kuna kiboksi chenye kioo kinachoonyesha joto la maji hayo. Bi Betseba akaisukuma sufuria mvunguni, akajiona mgeni asiye na kazi.

Jioni ile ile kiboksi kikazimika. Nehemia akakataza maji ya tangini yasiguswe mpaka fundi aje. Sufuria ikatoka mvunguni. Siku tatu bibi alipuliza mkaa, akamkanda mwanawe, akamwogesha mjukuu, na ingawa moshi ulimwasha macho, alikuwa na raha zake.

Siku ya nne, jua la saa saba, fundi Obadia akafunga kiboksi kipya. Kioo kikawaka: arobaini na moja. Nehemia akafurahi utadhani amepata mtoto wa pili. Akajaza beseni mwenyewe, akalibeba kwa kushika kingo, akalitua mbele ya mkwewe. Lilikuwa linafuka, lakini kwa baridi ya huku hata maji ya vuguvugu hufuka.

"Mwogeshe tu, mama," akasema. "Ni arobaini na moja. Yamepimwa."

Mtoto alikuwa mikononi mwa bibi, hana nguo, analia kwa baridi. Kubishana na mkwe ni aibu, tena Bi Betseba hakutaka kuonekana mshamba wa mashine. Nusura amtumbukize. Lakini alikuwa ameogesha watoto saba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia majini kabla ya kiwiko chake. Akainama, akachovya.

Akautoa mkono kwa kasi, akamkumbatia mtoto kifuani. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Baba," akamwambia Nehemia taratibu, "kioo chako kinasema. Kiwiko changu kinajua. Hebu chovya chako."

Nehemia akachovya, akaruka.

Obadia alipanda paani, akashuka ameinamisha kichwa. Ule waya mpya wa kupimia joto alikuwa ameulaza juu ya bati ili aujaribu, akasahau kuuingiza kwenye tangi. Kioo hakikudanganya, wanangu, kilikuwa kinapima bati. Maji yenyewe yalikuwa yamepigwa na jua siku tatu bila kuguswa. Waya ulipoingizwa, kioo kikaandika sabini na nane. Nehemia akakaa kizingitini, akalia bila kujificha.

Basi wakachanganya maji ya baridi, kiwiko kikarudi kazini, mtoto akaoga mpaka akasinzia ndani ya beseni. Tangu siku hiyo, Nehemia akiletewa habari na mtu anayeapa kwamba imeandikwa, humuuliza kwanza kama amechovya kiwiko. Majirani tukamcheka, kisha tukaanza kusema kama yeye.

Na wewe Lutengano, unayecheka kuliko wenzako, mtoto wa beseni lile ni wewe. Ukienda Lupembe likizo hii, mwombe bibi yako akunje mkono, uone baka lililobaki pale. Ukishaliona hutauliza tena. Kioo husema, kiwiko hujua.