Ada ya Taa Isiyowaka

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni hapa mkekani. Wewe, tafuna huo muwa uumalize au uuweke chini. Shamte, mpishe dada yako. Kimya sasa! Nataka kimya cha kusikia inzi akipiga miayo. Eeh, hapo sawa.

Hapo zamani za kale, mamba alipokuwa bado akilala kitandani na kujifunika shuka kama watu, palikuwa na mji wa wanyama kando ya ziwa kubwa. Mbele ya bandari ya mji huo palikuwa na jabali jeusi, jina lake Jino. Mkabala na Jino palikuwa na fungu la mchanga. Chombo kikitaka kuingia, sharti kipite katikati, kijia chenyewe upana wake kama ua huu wetu. Ukienda kulia, Jino linakutafuna. Ukienda kushoto, mchanga unakumeza.

Mkubwa wa bandari alikuwa Bwana Kiboko, na karani wake alikuwa Mamba. Kila chombo kilichoingia kilitoa vikapu viwili vya mahindi. Kimoja ada ya taa ya pale jabalini, kimoja ada ya boya la pale kwenye fungu.

"Ada ya taa!" Mamba alipaza sauti gatini, mataya yakigongana, ka! ka! "Ada ya boya!"

Nao wanyama wakatoa, mwaka nenda mwaka rudi. Lakini jabalini hapakuwa na taa, wala kwenye fungu hapakuwa na boya.

Basi mjini humo aliishi Pimbi mmoja, kamwili kadogo, macho mepesi, wakimwita Mama Sikitu. Mumewe na watoto wake saba walikuwa ng'ambo ya ziwa kuvuna mtama. Walikuwa warudi kwa mtumbwi baada ya siku mbili, usiku usio na mwezi, kwa kuwa upepo wa kuwaleta huvuma usiku tu. Na mwezi ule ule Jino lilikwisha kuvunja mitumbwi mitatu.

Mama Sikitu hakupata usingizi. Asubuhi akajifunga kanga kiunoni, huyooo, mpaka kwa Kiboko.

"Hodi!"

"Karibu. Ila usikae, kiti ni kimoja."

Alikuwa amekalia nini? Boya! Lile lile jekundu, na pete yake ya chuma. Na juu ya kichwa chake taa ya jabalini ilining'inia darini, inawaka jua limeshatoka, inamulika sinia la mahindi.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kulipa?"

"Nimekuja kuulizia taa. Wanangu wanarudi kesho usiku."

"Taa si hiyo hapo? Huioni?"

"Naiona, Bwana. Ila taa iko huku, na Jino liko kule."

"Kule kuna mvua, mama. Kuna upepo. Taa ya watu wote lazima itunzwe."

"Na boya?"

Kiboko akajisogeza, boya likalia nyiii. "Boya liko kazini. Linanibeba mimi, nami naibeba bandari."

Mamba akacheka ka-ka-ka, huku akimtazama bwana wake aone kama kicheko kimetosha.

Mama Sikitu akaondoka. Jioni akabeba kuni, akapiga kasia hadi Jino, akawasha moto wake mwenyewe. Haujashika vizuri, Mamba huyo!

"Kibali kiko wapi?"

"Kibali cha kuota moto, karani?"

"Cha kuwasha taa."

"Kinatolewa na nani?"

"Na Bwana Kiboko."

"Lini?"

"Akimaliza kula."

Kisha akapiga mkia majini, pwaa! Moto chwiii, ukazimika.

Mama Sikitu akarudi nyumbani, akakaa juu ya kinu, shavu mkononi. Akawaza: hawa wawili hawainuki kwa ajili ya roho ya mtu. Sasa wanainuka kwa ajili ya nini? Akawaza, akawaza. Mara akacheka peke yake. Kwa kikapu!

Kesho yake akaenda mbio, kanga inaburuta nyuma. "Jamani! Bwana Mkubwa, unaibiwa!"

Gunzi likamdondoka Kiboko. "Nani? Wapi?"

"Vyombo! Vinapenya usiku pale penye Jino, vinashusha mizigo kwenye matete, vinaondoka zao. Havitoi hata punje!"

Uongo mtupu, wanangu. Katika giza lile nani angethubutu? Lakini tumbo la Kiboko halina muda wa kuuliza.

"Vingapi?"

"Nani atahesabu gizani, Bwana? Labda kumi. Labda ishirini."

"Ishirini! Vikapu arobaini! Mamba, na wewe umelala tu!"

"Mimi karani wa mchana, Bwana," akasema Mamba.

Mama Sikitu akashusha sauti. "Mimi ningekuwa na mwili kama wako, leo hii ningesimama juu ya Jino, taa mkononi, nimwone kila mwizi anayepita."

"Taa moja itanionyesha nini?" Kiboko akanguruma. "Mamba, leta na ya jikoni! Leta na ya chooni!"

"Na karani ajilaze kwenye fungu, wasije wakakimbilia huko."

"Mkondo ukinichukua je?" akauliza Mamba.

"Jifunge boya mgongoni, kaka, huwezi kuzama. Na upige debe usiku kucha, wezi wakuogope."

Kiboko akainuka. Tangu mavuno alikuwa hajainuka! Mgongo ukalia kruk!

Usiku ukaingia, giza totoro. Mama Sikitu akasimama ufukweni, mkono mdomoni. Kule juu ya Jino taa tatu zinawaka, na Kiboko kaachama: "Lipeniii!" Kwenye fungu debe linalia kong! kong! kong!

Mara kwa mbali, chubwi, chubwi. Makasia! Sauti ndogo ikaja juu ya maji, ya Sikitu mwenyewe:

"Baba, taa! Jabali lile pale, kulia!"

"Nimeiona. Na debe liko kushoto. Pitisheni katikati, wanangu. Taratibu... taratibu..."

Mtumbwi ukagusa ufuko. Mama Sikitu akawahesabu wakishuka, mmoja, wawili, hadi saba, na baba yao wa nane. Akakaa majini na kanga yake.

Kiboko akatua hapo, anahema. "Nimewanasa! Vikapu viwili, haraka!"

Baba Sikitu akampa kwa mikono miwili. "Pokea, Bwana Mkubwa, Mungu akuzidishie. Leo ndiyo mara ya kwanza nalipa ada ya taa na taa nimeiona."

"Taa gani? Mimi nimetega wezi!" Akarudi mbio jabalini, asije akapitwa na mwizi mwingine.

Habari zikavuka ziwa. Usiku wa pili vikaja vyombo vinne, wa tatu vikaja tisa, vyote salama, vyote vinalipa. "Mnaona wezi walivyo wengi!" Kiboko akashangilia, wala hakushuka hadi alfajiri.

Wiki ilipokwisha, mji mzima ukaja kwa mitumbwi hadi Jino, na ngoma na vigelegele. "Hongera, Bwana Taa! Hongera, Karani Boya!"

Kiboko akatazama taa mikononi mwake. Akamtazama Mamba, boya mgongoni. Akaelewa.

"Pimbi! Umenigeuza nguzo ya taa!"

"Mimi, Bwana? Mimi nilikuonyesha tu pa kusimama."

"Nashuka!" Akateremka hatua mbili.

"Shuka. Ila ukishuka, vyombo haviji. Na visipokuja..." Akainua kikapu kitupu, akakigeuza juu chini.

Tumbo la Kiboko likajibu kabla yake: ngrrrr! Akageuka, akapanda tena jabalini, polepole.

Anayekula ada ya taa, wajukuu zangu, ipo siku ataishika taa hiyo kwa mkono wake.

Walipokufa, wana wa Kiboko wakarithi kutembea usiku na kuachama. Wana wa Mamba wakarithi kuelea kimya kama maboya. Na Jino? Mchana, Kiboko alipokwenda kulala, Mama Sikitu alipanda kufuta vioo vya taa na kuota jua na wanawe. Ndiyo maana hadi leo pimbi wamerithi majabali, na hakuna anayewadai ada.