Mtungi Mmoja Chini ya Vijiji Vitatu

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na maji.

— Yakaenda wapi?

Kaeni vizuri, niwaambie yalikokwenda.

Hapo kale, kale ya babu wa babu zetu, palikuwa na vijiji vitatu: Mwambani, Bondeni na Mchangani. Kila kijiji na jumbe wake, kila jumbe na kisima chake. Mto hawakuwa nao. Mvua ilikuja ikitaka, isipotaka haikuja. Waliishi kwa maji ya chini ya ardhi.

Basi huko Mchangani aliishi mjane, Mashavu, mwenye binti mmoja tu, Zawena. Mashavu ndiye aliyesuka kamba ya kupimia maji. Ilikuwa moja, ndefu, yenye mafundo. Kila kiangazi kikianza, ilizungushwa visima vyote vitatu, ikateremshwa, mafundo makavu yakahesabiwa mbele ya majumbe wote. Kisima kimoja kikionekana kimeshuka, vijiji vyote vitatu viliacha kumwagilia bustani mpaka mvua inyeshe. Walilalamika, lakini walitii.

Mwaka mmoja majumbe wakagombana. Jumbe Kingalu wa Mwambani akasema, "Kisima changu ni kirefu. Kwa nini nipumzike kwa ajili ya vifupi vyenu?"

Jumbe Mbwana wa Bondeni akasema, "Maji yangu matamu, yenu yana chumvi. Haya si maji mamoja."

Jumbe Shomari wa Mchangani akasema, "Basi kila mtu apime kwake!"

Wakatoa kisu, wakaigawa kamba vipande vitatu. Mashavu ndiye aliyeishika ilipokuwa ikikatwa. Moyo ulimuuma, lakini hakuiachia. Wakubwa wakinena, yeye nani?

Sasa jamani, kipande cha kamba kitafika wapi? Kila jumbe akateremsha chake, kikatoka kikavu. Kila jumbe akapiga kelele, "Jirani ananiibia! Chimbeni!" Mwambani wakachimba. Bondeni wakachimba. Mchangani nao wakachimba, wakakuta jabali, wakaishia hapo.

Ndipo akatokea Mhanga, yule mnyama wa masikio marefu achimbaye mashimo. Yeye huko chini ndiko kwao. Akaenda kwa Kingalu, akaimba:

Juu mko watatu, chini mtungi mmoja.
Pumzisha ndoo, jumbe, pumzisha ndoo.

Kingalu akasema, "Mnyama hana kiti barazani." Akaenda kwa Mbwana, akaimba vilevile. Mbwana akasema, "Umetumwa na Mwambani wewe." Akaenda kwa Shomari, akaimba vilevile. Shomari akamtupia jiwe. Mhanga akaingia shimoni mwake, asionekane tena.

Kiangazi kikawa kikali. Kisima cha Mchangani kikakauka kabisa. Wenye nguvu wakahama. Mashavu hakuweza kuhama, maana Zawena alikuwa kitandani na homa, midomo imempasuka. Ndani ya nyumba palibaki maji ya kikombe kimoja.

Jumanne, Mashavu akaenda kwa jumbe wake. "Jumbe, mwanangu ana kiu. Niombee maji kwa majirani."

Shomari akasema, "Nikiomba, nitakuwa nimekubali kwamba maji ni yao. Subiri."

Akaenda Mwambani, akakuta kisima kinalindwa kwa marungu. "Jumbe, mwanangu ana kiu."

Kingalu akasema, "Pole, mama. Nikikupa wewe, kesho watakuja wote. Shauri hili ni la baraza."

Akajikokota mpaka Bondeni. "Jumbe, mwanangu ana kiu."

Mbwana akamkaribisha kiti, mtu mwenye adabu yule. Akasema, "Nimekusikia, mama yangu. Baraza la majumbe litakaa Ijumaa."

Mashavu akarudi mikono mitupu. Zawena akafumbua macho. "Mama, umeleta?"

"Wanakaa Ijumaa, mwanangu."

"Ijumaa ni mbali, mama."

Mashavu akamlowesha midomo kwa yale ya kikombe, tone baada ya tone, mpaka kikombe kikaisha. Alhamisi jioni Zawena akafa. Hapakuwa na maji ya kumwosha, wakamtayamamisha kwa mchanga. Na mchanga, wenzangu, ndio uliokuwa umejaa kijijini.

Ijumaa baraza halikukaa. Majumbe walikwenda mazikoni, maana jirani akifiwa hukai nyumbani. Na kaburi jipya humwagiwa maji, ndiyo ada. Kingalu alikuja na mtungi wa maji. Mbwana alikuja na mtungi wa maji. Hata Shomari alikuwa nao, sijui aliutoa wapi. Wakamwaga, mmoja baada ya mwingine, hawakubakisha.

Mashavu akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya ule udongo uliolowa.

"Zawena," akasema, "wamekuja. Kunywa, mwanangu."

Majumbe wakainamisha vichwa.

Hadithi yangu imefika mwisho, na mimi sikufurahia kuisimulia. Funzo lake ni hili: maji ya chini hayajui mpaka wa jumbe, na anayekinyima kinywa kilicho hai asijisifu kwa kulowesha kaburi. Haya, inukeni mkalale. Na wewe uliyesinzia tangu mwanzo, usiniombe nirudie, koo limenikauka.