Mazishi ya Bwana Homa

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa na milango, vyungu na wakwe kama sisi, uliingia ugonjwa. Msije mkadhani ulikuwa ugonjwa wa uongo. Uliitwa Homa Kavu, na kila nyumba ulimopita uliacha matanga.

Siku hizo wanyama waliishi pande mbili za mto, lakini walikuwa jamaa moja. Kivuko kilikuwa kimoja tu, penye mawe, na mkuu wa mto alikuwa Jumbe Kiboko, mnene, mzito, mwenye sauti ya ngoma. Homa ilipozidi, wote walimwendea wakamwambia, "Jumbe, funga kivuko. Asiende mtu, asije mtu. Tuokoe!"

Hakuna aliyeuliza kitafungwa siku ngapi. Mwanatumu Pimbi alikuwepo, mjane mdogo wa miguu mifupi, na aliinua mkono kukubali pamoja na wenzake. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amemzika mumewe. Siku kama hiyo nani ana nguvu ya kuuliza maswali?

"Wiki mbili tu," akasema Kiboko. Alisema huku analia, maana naye alikuwa amefiwa na mkewe.

Basi kamba nene ya katani ikafungwa kivukoni, kutoka mti hadi mti. Fisi akavishwa kofia, akawa askari wa kamba. Amri zikasomwa: hakuna kuvuka, hakuna kukusanyika, isipokuwa mazishini. Hilo la mazishi aliliombea Fisi mwenyewe, na sababu mnaijua.

Tuseme haki, amri zile zilifanya kazi. Homa ikapungua, ikapungua, ikaisha. Kamba ndiyo haikuisha.

Sasa, mama yake Mwanatumu, Bi Ruzuna, alikuwa anaishi ng'ambo. Kila alasiri ajuza yule alipanda juu ya jiwe lake akaita, "Mwanatumu weeee!"

Na Mwanatumu, upande wa huku, aliitika, "Mama weeee! Nipooo!"

Mapimbi wana sauti, jamani. Mwili kiganja, sauti maili. Ikawa ndiyo salamu yao, na ndiyo dawa yao. Lakini miezi ilivyokwenda, masikio ya Bi Ruzuna yakaanza kuziba. Akawa anaita, anaitikiwa, anaita tena kana kwamba hakuna aliyemjibu. Kisha sauti nayo ikaanza kupungua. Zamani aliita mara kumi, ikawa mara tano, ikawa mara mbili.

Mwanatumu akajikokota mpaka kwenye kamba.

"Afande Fisi, shikamoo."

"Marahaba. Kipaji!"

Akainamisha kichwa, Fisi akamshika kipaji cha uso kumpima joto, kama alivyompima jana na juzi na siku zote.

"Huna joto. Rudi nyumbani."

"Kama sina joto, nipishe nikamwone mama. Anazeeka yule. Sauti inamwishia."

"Ngoja wiki mbili tu."

"Wiki mbili hizo umeniambia mara ishirini na sita, afande! Nimehesabu. Mwaka mzima! Hata eda ina mwisho. Mimi nimeingia eda, nimekaa eda, nimetoka eda, na kamba yenu bado ipo!"

"Mh! Mimi ni wa kofia tu, mama. Mwenye kamba yuko majini."

Mwanatumu akashuka hadi ukingoni. Kiboko alikuwa amelala katikati ya mto, peke yake, maji yote yake. Hakuna watoto wa kuruka chubwi-chubwi, hakuna nyumbu wa kumchafulia maji. Ndege mmoja alikuwa anamchokoa meno.

"Jumbe wangu, Homa imekwisha. Tufungulie."

"Nani kasema imekwisha?"

"Hakuna mgonjwa."

"Hakuna mgonjwa kwa sababu kuna kamba. Nisikilize, mama wewe. Nikifungua, Homa ikarudi, mtamlaumu nani? Mimi! Nisipofungua, atanilaumu nani?"

"Mimi," akasema Mwanatumu.

"Wewe?" Kiboko akacheka, ho-ho-ho, mawimbi yakapanda ukingoni yakamlowesha mwenzake mpaka shingoni. "Pimbi! Wewe kweli pimbi! Haya, nenda. Kamba itafunguliwa siku Homa atakapokuwa amekufa kabisa."

"Na tutajuaje kwamba amekufa?"

"Nitawaambia mimi."

Mwanatumu akarudi nyumbani, mwili mzito. Alichoka kuomba, akachoka hata kukasirika. Mnajua, wanangu, uchovu wa namna hiyo haulaliki ukaisha. Alasiri ile mama yake aliita mara moja tu. Alasiri ya pili yake hakuita kabisa. Mwanatumu alisimama juu ya jiwe mpaka jua likazama, akaita yeye mpaka koo likakauka. Ng'ambo kimya.

Kulipokucha alikuwa mlangoni kwa jirani yake, Nungunungu.

"Shemeji, nisaidie kuchimba kaburi."

"Inna lillahi! Nani tena?"

"Homa."

Nungunungu akamtazama sana, miiba ikamsimama kidogo. "Homa nani?"

"Bwana Homa Kavu. Kuna mwenye kumjua zaidi yetu sisi? Alimchukua binti yako, alimchukua mume wangu. Leo nataka tumzike. Na kabla ya hapo nina nyumba arobaini na moja za kupitia."

Saa nne asubuhi kilio kikapanda penye uwanja wa kivuko. "Uwiiii! Uwiiii! Amekufa! Amekufa jamani!" Wanyama wakatoka majumbani wakimiminika. Mazishi yaliruhusiwa, na mwaka mzima walikuwa hawajaonana nyuso. Wakakuta shimo limechimbwa, na kando yake jeneza, ndani yake kitu kirefu kimevikwa shuka jeupe. Pembeni pa jeneza palikuwa na mtungi mkubwa, mdomo umefungwa kwa kitambaa.

Wa kwanza kufika alikuwa Fisi, mate yanamtoka. "Nani? Nani amekufa? Mnene au mwembamba?"

"Homa Kavu, afande."

Fisi akanusa jeneza. Nusa, nusa, nusa. "Mbona maiti hana harufu?"

"Ugonjwa una harufu gani?"

"Eh. Kweli. Na mtungi huu?"

"Huo ni mirathi yake."

Masikio ya Fisi yakasimama. Akajaribu kuusukuma mtungi kwa bega. Haukutikisika hata kidogo. "Lo! Mzito!"

"Waliubeba watu wanne," akasema Nungunungu, na hakusema uongo.

Majini kukasikika bwii! Kiboko akatoka, maji yanamchuruzika, macho mekundu. "Nani kawapa ruhusa? Nani katangaza Homa amekufa? Mimi sijatangaza!"

"Hujatangaza, Jumbe wangu, nasi hatujazika," akasema Mwanatumu kwa upole, kichwa chini. "Tumemlaza tu hapa, tunakungoja. Kama hajafa, tutamfungua shuka aende zake, na mtungi wake tumrudishie. Shida yetu ni hii mirathi. Ada mnaijua: asiye na mwana wala ndugu hurithiwa na aliyekaa naye karibu zaidi. Lakini aliye hai harithiwi. Kwa hiyo tunauliza kwanza, nani aliyemwona akifa?"

Kiboko akautazama mtungi. Lilikuwa jitu la mtungi lile, tumbo kama lake.

Fisi ndiye aliyewahi. "Mimi! Nilimwona mimi! Nani amekaa na Homa kuliko mimi? Nimeshika vipaji vyenu vyote, asubuhi na jioni. Tangu mvua za vuli sijashika hata kimoja chenye joto! Alikufa vuli, mikononi mwangu! Mrithi ni mimi!"

"Mwongo!" Kiboko akanguruma, ardhi ikatetemeka. "Vuli? Alikufa kabla ya vuli! Alikufa wakati wa kuvuna mtama! Si wewe uliyekuja kuniambia, 'Jumbe, hakuna mgonjwa tena,' nami nikakwambia ufunge domo lako? Nani alijua kabla yangu? Mimi nilijua, nikanyamaza. Mrithi ni mimi!"

"Alikufa vuli!"

"Alikufa kwenye mtama!"

"Vuli!"

"Mtama! Naapa mbele ya watu wote hawa!"

Maji ya kivuko yakasikika yakipita kwenye mawe. Swala walitazamana. Nyumbu mmoja aliyefiwa na baba ng'ambo asimzike alianza kulia polepole. Tangu mavuno ya mtama! Miezi minane ya kupimwa vipaji, miezi minane ya wiki mbili tu.

Fisi akavua kofia, akaificha nyuma ya mgongo. Kiboko akawaangalia, mmoja mmoja, ndipo akasikia alichokisema.

"Mmesikia?" akauliza Mwanatumu.

"Tumesikia," wakajibu.

"Basi Jumbe, umeshinda. Chukua mirathi yako."

Kiboko hakutaka tena, lakini kitambaa kilikuwa kimeshafunguliwa na Nungunungu akauinamisha mtungi. Poroooo! Yakamwagika mawe.

"Mawe?" Sauti ya ngoma ilikuwa imempotea.

"Arobaini na moja. Mwaka jana kila nyumba iliweka jiwe mlangoni kwa ajili ya mtu wake. Nimepita leo asubuhi nikayaazima. Hiki ndicho alichotuachia marehemu, hakuacha kingine. Hili la mume wangu. Hili dogo la binti ya shemeji hapa."

Kiboko akaligusa moja kwa pua, jiwe pana lililozungukwa na ukoka mkavu. "Na hili?"

"La mama watoto wako. Nimelikuta mlangoni kwako limemezwa na majani. Naona siku nyingi hujapita pale."

Jumbe akakaa chini. Puu! Hakuna aliyecheka.

"Tulikupa kamba kwa ajili ya Homa," akasema Mwanatumu. "Ulilia, nasi tulilia, na ulitusaidia, hilo halikatai mtu. Lakini Homa amekufa, umeapa mwenyewe. Sasa kamba ni yetu."

Kiboko hakuomba radhi, msije mkasema nimesema hivyo. Alisogea tu, akaacha njia wazi, pua bado kwenye jiwe lile.

Nungunungu alitaka kuitafuna kamba vipande vipande. Mwanatumu akamzuia. "Iache, shemeji. Homa nyingine itakuja, na siku hiyo tutaihitaji. Lakini ifunge mafundo saba. Siku ikitandikwa tena kivukoni, kila asubuhi fundo moja lifunguliwe mbele ya watu. Yakiisha, kamba itolewe, na anayetaka mengine aje atuombe upya, atueleze kwa nini."

Walikubali kwa sauti moja. Walipogeuka kumzika marehemu, Fisi alikuwa ameshaingia kaburini na kurarua shuka. Ndani akakuta gogo la mgomba. Akalitafuna hivyo hivyo, maana Fisi hakubali hasara.

Mwanatumu hakungoja kuyaona hayo. Alikuwa ameshavuka. Jiwe kwa jiwe, maji yanamlamba tumbo, akaukwea mwinuko wa ng'ambo huku akiogopa atakachokikuta.

Bi Ruzuna alikuwa amekaa palepale juu ya jiwe lake, mdogo kuliko alivyomwacha. Alikuwa anafungua kinywa, anafunga, anafungua. Hakuna sauti iliyotoka. Mwanatumu akamkaribia mpaka akamgusa pua kwa pua.

Ajuza akashtuka. Akampapasa masikio, akampapasa mabega, akamshika miguu ile mifupi. Kisha akanong'ona, kwa sauti iliyobaki, "Jana nimekuita mchana kutwa. Mbona hukuitika?"

"Sikukusikia, mama."

"Nikasema labda umechoka."

"Nimechoka, mama," akasema Mwanatumu, akaweka kichwa mapajani mwake.

Hapo ndipo nilipowaacha, mama na mwana wamekaa juani, na mimi nikarudi huku kwenu taratibu kwa miguu yangu hii. Na neno la kwenda nalo kulala ni hili: ukimkabidhi mwenzako rungu kwa ajili ya nyoka, mwambie palepale siku ya kulirudisha.