Jiwe Lililowekwa Rehani kwa Sultani

Hapo zamani, mababu wa mababu zetu wangali vijana, katika nchi ya milima iitwayo Kilongwe alitawala Sultani mmoja jina lake Dimoso. Hakuwa mtu mkatili. Ila alikuwa mvivu wa kusikiliza, na mtawala mvivu wa kusikiliza huazimwa masikio na waziri wake. Waziri huyo aliitwa Mavura, naye ndiye aliyeshika ufunguo wa ghala la nafaka.

Chini ya mlima palikuwa na kijiji cha wakulima, na wanawake wa kijiji hicho walikuwa na upatu wao wa mbegu. Kila baada ya mavuno kila mmoja alitia kibaba cha mtama katika mtungi mkubwa uliokaa nyumbani kwa mjane mmoja, Bi Sikuzani; na wakati wa kupanda ukifika, mwenye shida alipewa kwanza, akavuna, akarudisha kibaba kwa kibaba, hapana nyongeza ila ahsante. Kwa hiyo watu wa kijiji kile hawakuwa na haja ya kupanda kwenda kukopa kwa Sultani, na jambo hilo lilimkereketa Waziri Mavura kama mwiba wa samaki kooni.

Basi siku moja Waziri akamwendea Sultani baada ya chakula cha mchana, wakati mzuri wa kumpata, akanena, "Bwana wangu, mbegu za raia zikikaa mtungini kwa mwanamke mjane zitaliwa na panya. Afadhali zitunzwe ghalani kwako."

Sultani akapiga mwayo. "Zitunzwe."

"Tena wapigwe marufuku kukopeshana mbegu wao kwa wao, wasije wakadhulumiana."

"Wapigwe marufuku," akasema Sultani, akageukia ubavu wa pili.

Ikawa mtungi wa Bi Sikuzani umemiminwa katika magunia na askari wamekwenda nayo. Watu walinong'ona kwamba panya wa ghala lile walikuwa na miguu miwili na vilemba, lakini walinong'ona tu.

Mwaka huo nzige wakashuka, wakala shamba na majani ya shamba. Mawingu ya masika yalipoanza kukusanyika, watu hawakuwa na hata punje ya kupanda, ikawalazimu kupanda mlima kwenda kukopa mbegu zao wenyewe. Waziri Mavura aliwapokea juu ya kiti chenye mto. Ukichukua pishi moja, utarudisha tatu. Na kabla hujachukua hiyo moja, uweke dhamana. Huyu akaacha mbuzi wake wa mwisho. Yule akang'oa mlango wa nyumba yake akaupeleka, akarudi kulala na upepo.

Katika kijiji hicho alikaa mtu aitwaye Kobelo, ambaye hakuwa na kitu ila ulimi. Kazi yake ilikuwa kufukuza ngedere katika mashamba ya watu, kwa ujira wa bakuli la ugali. Na mwaka ambao nzige wamekula kila kitu, ngedere wenyewe walikuwa wamehama. Watu walimwita punguani, kwa sababu ukimtuma jambo alilifanya kama ulivyosema, si kama ulivyotaka. Tajiri mmoja alipata kumwambia, "Lichunge shamba langu, usiliondolee macho." Basi Kobelo akaketi juu ya kichuguu akalikodolea macho shamba lile asubuhi hata jioni, na ngedere wakala mahindi yote mbele yake. Tajiri alipokuja juu, Kobelo akasema, "Bwana, sikuliondolea macho. Waulize ngedere."

Lakini siku hizo Kobelo hakuwa na mzaha. Mkewe, Mwanamvua, alikuwa akichimba ming'oko, mizizi ya porini, na kuipika bila chumvi, akimwekea mumewe fungu kubwa na kusema kwamba yeye ameshiba. Kobelo alijua kuwa hajashiba. Hakuna kitu kilichomchoma kama lile fungu kubwa.

Asubuhi moja Bi Sikuzani, ambaye ndiye aliyemzaa Mwanamvua, akaja kwake. Kwa ajili ya heshima ya ukwe hakuingia ndani. Aliketi barazani, ameelekeza uso upande, naye Kobelo akachutama mbali kidogo, ameinamisha kichwa.

"Mwanangu," akasema Bi Sikuzani, "shamba mmelilima, mvua i njiani, na mbegu hapana. Mtoto wangu atakula nini?"

"Mama, nitakwenda kukopa."

"Kwa dhamana gani, baba? Wewe huna hata mbwa wa kukubwekea."

Kobelo akatazama vidole vyake vya miguu. Mkwe wake hakusema neno lile kwa dharau, na ndiyo maana lilimuuma zaidi. Akaondoka hapohapo, akapanda mlima.

Alimkuta Waziri Mavura barazani pa ghala, pamoja na makarani na watu wengi waliokuja kukopa. Akasalimu kwa adabu, akanena, "Bwana Waziri, nataka kukopa mbegu."

"Pishi ngapi?"

"Mtungi mzima. Zile mbegu za Bi Sikuzani, zote."

Makarani wakacheka hata kalamu zikawaponyoka. Waziri akasema, "Ewe Kobelo, sheria unaijua? Dhamana sharti iwe nzito kuliko mkopo."

"Nzito, Bwana?"

"Nzito."

"Kuliko mkopo?"

"Kuliko mkopo! Je, wewe una kitu gani kizito, zaidi ya njaa?"

Watu wakacheka tena, na wale wenye njaa wakacheka kidogo. Kobelo akangoja wamalize, akasema, "Ninalo jiwe, Bwana. Nimelirithi kwa babu yangu. Lile la mviringo, lililo kilimani juu ya nyumba ya Sultani."

Hapana asiyelijua jiwe lile. Lilikuwa kubwa kama ghala la mtama, na mbuzi walipanda juu yake kuota jua. Waziri Mavura akashika tumbo kwa kicheko, akaona hapa amepata mchezo wa kumsimulia Sultani. Akasema, "Vema! Lilete mlangoni pa Sultani, nami nitakukopesha mtungi mzima, bila riba. Watu wote hawa ni mashahidi."

"Mlangoni, Bwana, au kando ya mlango?"

"Mlangoni, ewe punguani! Mlangoni!"

"Nimesikia," akasema Kobelo, akashika njia ya nyumbani. Alijua kwamba neno amelipata, lakini jiwe halitembezwi kwa maneno.

Akamwendea mkwe wake, akachutama, akamweleza yote. Bi Sikuzani akauliza, "Lile katazo lilisemaje? Tusikopeshane nini?"

"Mbegu, Mama."

"Basi mikono hatukukatazwa."

Akasimama akajifunga kanga kiunoni, akapita nyumba kwa nyumba. Na watu wa upatu wakaja, wanawake na waume zao, wazee kwa vijana, hata yule aliyeweka mlango wake rehani. Wakakwea kilimani na majembe, kamba na miti minene ya kufanyia wenzo. Wakalichimbua jiwe chini upande wa bondeni, wakatia wenzo upande wa juu, wakaimba wimbo wa kutwanga, kwa kuwa ndio wimbo waliouweza wote. Bi Sikuzani alianzisha, wengine wakaitikia, na kwenye kiitikio kila mtu akasukuma. Siku ya kwanza jiwe halikujibu. Siku ya pili likanong'ona. Siku ya tatu, jua likiwa utosini, likainuka kama ng'ombe aamkaye, likaanza kushuka polepole, watu wamelishika kwa kamba kutoka nyuma lisiwakimbie, na Kobelo akitembea kando yake, akifikiri, "Likipotoka likavunja nyumba ya mtu, nimekwisha."

Mlinzi wa langoni akawaona, akapaza sauti, "Simameni! Mwaleta nini?"

"Dhamana," akajibu Kobelo. "Twampelekea Waziri, kwa ajili ya hazina."

Mlinzi yule alikuwa amekaa kazini miaka mingi, naye alijua kuwa katika nyumba ile kitokacho huulizwa, bali kiingiacho hazinani hakiulizwi kamwe. Akasogea kando. Jiwe likafika penye mteremko wa mwisho, likajitia lenyewe katikati ya nguzo mbili za lango, likakaa kimya kama kizibo katika chupa. Palibaki upenyo mmoja tu ubavuni, wa kupita mtu aliyekonda.

Sasa, siku hiyohiyo Sultani Dimoso alikuwa akiwangoja wageni wakubwa. Mfalme wa nchi jirani alikuwa akija kumposea mwanawe binti wa Sultani, na desturi ilikuwa baba wa binti atoke mwenyewe kwa miguu yake awapokee nje ya lango. Asipotoka, ndiyo amekataa, nao hugeuka wakaenda zao, na baada ya kugeuka kwa namna hiyo aghalabu hufuata vita. Sultani alikuwa amekwisha vaa joho na kilemba aliposikia kishindo. Akatoka uani, akaona lango limekuwa jiwe.

"Nini hiki?" akapiga kelele. "Mavura!"

Waziri akaja mbio, akaona, akafahamu, na rangi ikamtoka. Askari wakasukuma kwa mabega, lakini nje ya lango ardhi ilipanda, na jiwe halikutaka kupanda nayo. Waziri akasema, "Nitapita mimi, Bwana wangu, nikawaamuru walitoe." Akajitia katika upenyo, kichwa kikapita, kifua kikapita, tumbo likakataa. Miaka mingi ya pishi tatu kwa moja ilikuwa imekusanyika mahali pale. Akabaki amekwama, nusu ndani nusu nje, na watoto wa jikoni, waliokula makombo siku zote, wakapita chini ya kwapa lake kwenda kutazama.

Kwa mbali ngoma za wageni zikaanza kusikika.

Sultani akapanda juu ya kinu, akachungulia juu ya jiwe. Akamwona Kobelo ameketi nje kwa adabu, na nyuma yake watu wengi wamepumzika juu ya kamba zao.

"Ewe Kobelo! Ondoa jiwe lako!"

"Bwana wangu," akasema Kobelo, akainama hata chini, "si langu leo. Liko rehani kwako. Bwana Waziri aliniambia nililete mlangoni, na mashahidi wapo."

Sultani akamtazama Waziri wake, yaani ile nusu iliyokuwa upande wa ndani. "Ni kweli, Mavura?"

"Ilikuwa mzaha, Bwana wangu," ikajibu ile nusu ya nje.

"Basi nakurudishia dhamana yako, Kobelo. Lichukue uende nalo."

"Nashukuru, Bwana wangu. Lakini mimi ni mtu mmoja, tena sijala. Nguvu zilizolileta si zangu; nilizikopa."

"Ulizikopa kwa nani?"

"Kwa hawa watu wa upatu. Kwao riba hapana. Leo wewe wanisukumia, kesho mimi nakusukumia. Sipati mkopo rahisi kama huo popote katika nchi yako, Bwana wangu, na nimetafuta."

Ngoma zikakaribia. Sultani akajifuta jasho, akawaelekea wale watu. Tangu azaliwe hakuwa amewaomba kitu, alikuwa akitwaa. Sauti ikamtoka nyembamba. "Basi nikopesheni nguvu zenu, enyi watu wangu."

Bi Sikuzani akasimama. "Bwana wetu, twakukopesha, nasi hatutaki riba. Ila wewe mwenyewe umetufundisha sheria. Dhamana iwe nzito kuliko mkopo, na mkopo ni nguvu za kuondoa jiwe hili. Una kitu gani kizito kulishinda?"

Sultani akatazama huku na huku, akaona vinu, magunia, sanduku za fedha, asione kitu. Ndipo Waziri Mavura, aliyezoea kusifu hata akiwa amebanwa, akanena kutoka pale upenyoni, "Neno la Sultani ni zito kuliko mlima!" Alidhani ya kuwa neno ni kitu rahisi kutoa, wala halipunguzi ghala.

"Ahsante, Bwana Waziri," akasema Kobelo. "Umetusaidia. Twalipokea neno la Sultani. Alitamke sasa, wageni nao wanafika, ili wasikie."

Na kweli wageni walikuwa wamefika. Mfalme wa nchi jirani alisimama juu ya njia na watu wake, akaona kichwa cha Sultani chenye kilemba kimetokeza juu ya jiwe kama kuku katika tenga, na chini yake waziri aliyeota ukutani. Sultani akaona hapana pa kujificha. Akapaza sauti, akasema, "Mimi Dimoso natoa neno langu mbele ya wakwe zangu. Mbegu za mtungi zirudi kwa wenyewe leo hii. Waliokopa wasilipe zaidi ya walichochukua, na dhamana zao zirudi, mbuzi kwa milango. Na upatu wao usiguswe na mtu, ajapokuwa mimi."

"Shikeni kamba!" akasema Bi Sikuzani.

Wakaimba, wakavuta, jiwe likajongea nyuma, na kitu cha kwanza kilichotoka langoni kilikuwa Waziri Mavura, aliyeanguka kifudifudi miguuni pa wageni. Mfalme wa nchi jirani alidhani ndivyo mawaziri wa Kilongwe wanavyosalimia, akapendezwa sana na adabu yao. Sultani Dimoso aliposikia sifa hiyo, cheko likamshinda. Akacheka hata kilemba kikafunguka, akatoka akawapokea wageni huku machozi yakimtiririka, na posa ikakubaliwa siku ileile.

Mbegu zikarudi kijijini jioni, nazo zilibebwa na Waziri mwenyewe, gunia moja baada ya moja, kwa kichwa. Mvua ikanyesha baadaye kidogo, na Kobelo na Mwanamvua wakapanda shamba lao.

Baada ya mavuno Sultani akatuma mjumbe kwa Bi Sikuzani kuuliza kama na yeye aweza kuingia katika upatu. Jibu likarudi kwamba aweza, lakini wanaoingia wapya hupewa mwisho, tena kibaba hupelekwa na mwenyewe, hakitumwi. Watu walidhani atakasirika. Lakini siku ya kukutana wakamwona anashuka mlimani kwa miguu, ameshika kibaba cha mtama kwa mikono miwili asimwage. Akakimimina mtungini, akauliza, "Nikae wapi?" Kobelo akajisogeza akampisha nafasi mwisho wa mkeka, naye Sultani wa Kilongwe akaketi hapo, akangoja zamu yake kama watu wengine.

Hekaya imekoma hapa. Aliyeipenda na aichukue, akawasimulie wenziwe, hatudai riba.